Mfunga Mashamba na Sisi Tuliovimba

Jina lake nalijua, ila sitalitaja, kwa sababu hata alipokuwa hai hakuna aliyelitaja. Tulimwita Mfunga Mashamba, naye aliitika, na nadhani alilipenda hilo kuliko jina alilopewa na mama yake. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Mtama ukianza kutoa masuke, mwenye shamba alimwendea na jogoo, naye alikuja na mkoba wake wa ngozi, akalizunguka shamba akinong'ona, na katika kila pembe akachomeka fimbo na kuning'iniza kombe la konokono lililofungwa kwa kamba nyeusi. Baada ya hapo shamba lilikuwa limefungwa. Atakayeiba humo atavimba: uso kwanza, kisha miguu, kisha tumbo, mpaka akiri na Mfunga Mashamba mwenyewe amfungue. Asipokiri, atapasuka. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa watoto wote wa Mkonze, na hivyo ndivyo sisi nasi tulivyowaambia wadogo zetu.

Wanaomkumbuka siku hizi humfanya ama jitu la kutisha ama tapeli. Hakuwa lolote kati ya hayo mawili, na ninayo haki ya kusema kuliko wengi, maana nimekaa naye banda moja masika nzima, mgongo wangu ukiegemea mgongo wake. Msianze kucheka. Tutafika huko.

Kwanza, alikuwa anaogopa mbwa. Mtu ambaye wezi wa nchi nzima walimkimbia, yeye alikimbia mbwa. Baba yangu alikuwa na kijibwa kimoja kikonde, kazi yake kubweka tu, na siku moja Mfunga Mashamba alipokuja kwetu kijibwa kile kilimfuata miguuni. Tukamkuta amepanda juu ya kinu, ameshika mkoba kichwani, anapiga kelele kwa ile sauti yake nyembamba, "Mzuieni simba wenu! Mzuieni, au sifungi shamba la mtu leo!" Sisi watoto tulicheka mpaka tukaanguka. Kisha tukakumbuka ni nani tunayemcheka. Nilikimbia hadi kwa bibi nikamwambia anitazame uso kama umeanza kuvimba. Bibi alinishika mashavu, akayageuza huku na huku, akasema uso wangu ulikuwa mnene tangu nizaliwe.

Sauti yake haikulingana na mwili wake. Alikuwa mrefu, mabega mapana, masikio yametobolewa matundu makubwa yenye pete za shaba, ngozi imepakwa mafuta na udongo mwekundu hata siku za kazi. Alijipenda. Akipita kwenye dimbwi la maji baada ya mvua alisimama kujitazama, na hakuona haya kuonekana akijitazama. Lakini akifungua kinywa, ungedhani kuna msichana aliyejificha nyuma yake.

Chumvi ndiyo ilikuwa ulevi wake. Wengine walipenda pombe, wengine wanawake, yeye alipenda chumvi ya Bahi, ile ya kijivu inayochemshwa kutoka kwenye udongo. Alikuwa na bonge lake kwenye pindo la nguo, na njiani alilitoa akalilamba, akalirudisha. Mwenye shamba aliyetaka kazi nzuri alimwekea chumvi pembeni ya jogoo.

Na alikuwa mkarimu, jambo ambalo watu hulisahau. Wajane aliwafungia mashamba bure. Alifika bila kuitwa, akaning'iniza makombe yake, na mjane akimshukuru alimkaripia, "Unanishukuru nini? Nilikuwa napita." Huko kwake Nzuguni alitawaliwa na binti yake wa pekee, mwanamke mkavu wa maneno aliyerudi kwa baba yake baada ya kufiwa na mume. Binti akisema keti, alikaa. Akisema leo huendi kokote, hakwenda.

Basi huyo ndiye mtu ambaye nilimwogopa utoto wangu wote.

Nilivimba mwaka ule ambao gari la moshi la Wadachi lilikuwa limeshafika Dodoma na watu walikuwa bado wanakwenda kulitazama. Nilikuwa nimeolewa hapo hapo Mkonze, na mtoto wangu wa kwanza, msichana, alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Upele ulikuwa umetuingia nyumbani kwetu, tukajikuna wote mpaka vidonda, kisha mimi nikapata homa, homa ikaniacha. Nikadhani nimepona. Asubuhi moja nikaamka nikashindwa kufumbua macho. Niliyapapasa kwa vidole nikakuta kope zimejaa. Nilipokwenda haja ndogo, mkojo ulitoka kidogo tu, na rangi yake ilikuwa ya maji yaliyooshewa nyama.

Mama mkwe aliniangalia muda mrefu. Kisha akageuza uso, akatazama ng'ambo ya njia, kwenye shamba la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Lile shamba lilikuwa limefungwa, na siku chache kabla shemeji alilalamika kwamba masuke yake yamekatwa upande wa korongoni.

"Umekula nini cha watu?" akaniuliza.

"Sijala kitu, mama."

"Uso unasema umekula."

Kufikia jioni miguu nayo ilikuwa imejaa. Kila aliyekuja kunipa pole alikuja kuniambia nikiri. Waliniambia kwa upole, hilo lazima niseme. Walikaa karibu yangu, wakanishika mkono, wakaniambia masuke machache si kitu, nitaje tu, aitwe Mfunga Mashamba, mambo yaishe. Mume wangu, mtu mwema asiye na neno mbele ya mama yake, alitazama chini. Mimi nilikuwa sijachukua hata punje. Na mama mkwe akamtoa mtoto matitini mwangu, akasema maziwa ya mtu aliyefungwa yatamfunga na mtoto. Alimbeba mgongoni akaondoka naye huku mtoto analia na mimi nalia, na titi linadondoka.

Kaka yangu ndiye aliyenichukua. Alinipandisha punda, akanipeleka kwa wamisionari upande wa Dodoma, ambako kulikuwa na daktari na mabanda ya wagonjwa. Banda la mwisho, lililo karibu na zizi, lilikuwa la waliovimba.

Nilipoingizwa humo macho yangu yalikuwa nyufa mbili. Niliona watu watatu wamekaa chini, na mmoja wao alikuwa mnene mno, mashavu yamemeza pua. Nikamwamkia kwa Kigogo, kwa adabu ya mkwe, "Mbukwenyi." Akaitikia. Niliijua sauti ile nyembamba hapo hapo.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu nivimbe, na kucheka kulinikaba pumzi, lakini sikuweza kujizuia. Mfunga Mashamba amevimba! Kaka yangu alinitazama akidhani akili imeniruka.

"Cheka tu, mwanangu," akasema. "Hata mimi ningecheka, ila ngozi ya uso imenikaza. Lakini nakuomba, ukitoka humu usiseme."

Kijijini aliaga kwamba anakwenda Ukimbu kutafuta mizizi. Binti yake peke yake alijua alipo. Niliahidi sitasema, na sikusema, ingawa kwa siku kadhaa nilifurahi kwa furaha mbaya kumwona vile. Nilijisemea, haya, na yeye ameiba shamba la nani?

Wenzetu wawili walikuwa Mrangi wa Kondoa, muuza samli, Mwislamu msafi ambaye alitawadha hata siku ambazo hakuweza kusimama, na kibarua wa reli kutoka upande wa Tabora, kijana wa miraba minne aliyevimba katikati ya kazi akiwa na sururu mkononi. Kwa sababu yao tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili changu nilikipata humo, kwenye kuvimba. Mrangi alinisahihisha kila neno. Mpaka leo nikisema "tafadhali" nalisema kwa lafudhi ya Kondoa.

Daktari alikuwa Mdachi mwembamba mwenye haraka. Alitubonyeza miguu kwa kidole gumba, shimo likabaki, akalitazama shimo badala ya kututazama sisi. Alichukua mkojo wetu katika kichupa cha kioo, akauchemsha juu ya taa, na mkojo ukaganda ukawa mweupe kama ute wa yai uliopikwa. Alipoona hatuelewi, siku mbuzi alipochinjwa alituletea figo mbili mkononi, akatuonyesha, akajigonga kiunoni, akatugonga na sisi. "Hizi zimeumwa," akasema. "Zimeacha kuchuja."

"Na dawa yake?" akauliza Mrangi.

"Maziwa. Kulala. Chumvi hapana, hata kidogo."

"Hiyo si dawa, bwana. Hayo ni maisha ya mtoto mchanga. Dawa yake?"

Daktari alisimama na zile figo mkononi. Alisema hana. Hapa hana, na kwao Ulaya pia hana. Namheshimu kwa jibu lile, lakini lilitumaliza nguvu. Nyumbani waliniambia nimeiba, na walikuwa na njia ya kunifungua. Hapa niliambiwa sikuiba, na hapakuwa na njia.

Aliyetutoa katika hali ile alikuwa Mfunga Mashamba. Kulipokucha alijikokota hadi kwa kibarua wa reli, akambonyeza mguu, akalitazama shimo kwa makini akimwiga daktari, akatikisa kichwa. "Hili langu ni kubwa zaidi," akasema. "Wewe bado mwanafunzi." Kibarua akambonyeza yeye. Mrangi akasema hawa watu wameingiwa na wazimu, kisha akanyoosha mguu wake na yeye abonyezwe. Basi ikawa desturi yetu. Tukiamka tulibonyezana, aliyepungua alipongezwa, aliyeongezeka alitaniwa, na anayetaniwa hapati nafasi ya kulia. Sijui kama kulitusaidia figo. Kulitusaidia kuamka.

Shida kubwa ilikuwa kulala. Maji yakishapanda kifuani huwezi kulala chali, unazama ukiwa nchi kavu. Unatakiwa ukae, na mwili hauna nguvu ya kukaa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba wawili wakikaa mgongo kwa mgongo, wanaweza kusinzia. Tuligawana migongo kadiri ya hali zetu. Mrangi aliona vibaya mwanamke wa watu kuegemea wanaume, akakaa siku mbili anahangaika na dini yake, kisha akasema Mungu anaona figo pia. Mgongo wa Mfunga Mashamba ulikuwa mpana na wenye joto, na akisinzia alikoroma kwa sauti ile ile ya kike. Mimi niliyekimbia kivuli chake nilikuwa sipati usingizi bila kumwegemea.

Tulimpoteza kibarua wa reli. Alikuwa na nguvu kuliko sote, akavimba kuliko sote. Siku yake ya mwisho tulimshika kwa zamu akiwa amekaa, Mrangi na Mfunga Mashamba ubavuni, mimi mbele nikimpepea kwa ukingo wa kanga yangu. Alivuta hewa haingii. Daktari alikuja akamchoma sindano, akampiga bega, akatoka. Mfunga Mashamba alimuuliza kwa upole kama kuna neno anataka lipelekwe kwao. Kijana akasema wasiambiwe alivimba, waambiwe reli ilimwangukia. Tulimwahidi. Hata yeye, mtu wa Tabora, kwao kuvimba kulikuwa na maana yake.

Baada ya mazishi nikamkuta Mfunga Mashamba nyuma ya banda, amegeukia zizi, analamba chumvi. Alikuwa na bonge la Bahi katika pindo siku zote zile! Sisi tunakunywa maziwa matupu mpaka tunayachukia, yeye ndiye anayetukaripia tukinusa nyama, na kumbe analamba. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

"Unataka kufa?" nikamwambia. "Baba, unataka tukushike na wewe vile?"

Alilificha nyuma yake, mzee mzima. "Ni kidogo tu, mwanangu. Nakosa kitu kinywani."

"Lete."

"Kesho."

Hakunipa. Nilimlilia, nikamtukana, nikamwambia nitamshtaki kwa daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipoona nimechoka akanisogezea kigoda nikae. Nilikaa pale nikimtazama analimaliza.

Siku hiyo, kwa sababu nilikuwa na hasira, nilimuuliza lile ambalo nilikuwa nimelimeza tangu nifike. "Ni dawa yako iliyonivimbisha?"

Aliwatazama ng'ombe wakiingia zizini hadi wa mwisho. "Sijui," akasema. "Baba yangu alinifundisha kuning'iniza na maneno ya kusema. Nikining'iniza, watu hawaibi. Mara moja moja mtu huvimba, huniita, nasema maneno, wengine hupona, wengine hufa, na wanaokufa watu husema hawakukiri yote. Basi. Zaidi ya hapo sikufundishwa."

"Na wewe umefungwa na nani?"

"Usiniulize hilo, mwanangu," akasema. Niliona anaogopa, kuliko hata siku ile ya mbwa.

Mimi nilianza kupungua. Sikufanya lolote ambalo wenzangu hawakulifanya. Asubuhi moja nilikojoa sana, kesho yake zaidi, rangi ikasafika, uso ukarudi, mifupa ya miguu ikaonekana. Mrangi alipungua kidogo, ndugu zake wakaja wakamchukua, akaondoka akitusomea dua kutoka juu ya punda, na sikupata habari zake tena. Mfunga Mashamba naye alishuka hadi akaweza kuvaa pete za masikio na kutembea. Daktari alichemsha mkojo wangu, haukuganda, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaniambia nirudi kwangu.

Nirudi kwangu wapi? Kaka yangu alikuwa ameulizia. Mama mkwe alisema nikaribie mlango nikiwa nimefunguliwa na aliyenifunga, si vinginevyo, la sivyo mtoto simwoni. Nikamwendea Mfunga Mashamba nikapiga magoti.

"Twende wote," nikamwambia. "Wewe ndiye unayesadikiwa. Simama mbele yao useme, huyu hakuchukua kitu. Maneno hayo tu, baba."

"Nitasema," akaniambia.

Tulikwenda polepole, mimi na kaka na yeye, tukipumzika kila kwenye kivuli. Alikuwa amejifunika nguo kubwa ili miguu isionekane. Uani kwa mama mkwe watu walijaa. Mtoto wangu alikuwa kiunoni mwa wifi, amekua, akanitazama asinijue. Mfunga Mashamba alisimama katikati, akakohoa, watu wakanyamaza. Nilimtazama mdomo. Moyo wangu ulikuwa tayari umelisikia lile neno.

Aliwatazama watu, akamtazama shemeji yangu, kisha mtoto. Akaomba maji. Akatia kitu ndani ya maji, akaweka kinywani, akanipulizia usoni na miguuni, na kwa ile sauti yake akasema, "Nimemfungua. Aliyekuwa amefungwa yuko huru."

Vigelegele vikapigwa. Mtoto akawekwa mikononi mwangu. Shemeji alikuja akanishika mkono, akasema yamekwisha, ameshasamehe. Alinisamehe, jamani! Na mimi nilikuwa nimembana mtoto wangu kifuani, naye anatafuta titi ambalo limekauka, na sikuwa na pumzi ya kukataa msamaha.

Nilimfuata njiani akiwa anaondoka. Nilimuuliza kwa nini.

"Ningesema hukuchukua, wangeniuliza mbona ulivimba," akajibu. "Ningejibu nini? Figo? Wangesema umenihonga, na mtoto asingetoka kiunoni mwa yule wifi yako. Ulitaka mtoto au ulitaka jina?"

"Nilitaka vyote viwili."

"Vyote viwili sikuwa navyo, mwanangu," akasema, akaendelea kutembea, anachechemea.

Sikumchukia. Nilijaribu, ikashindikana, maana alikuwa amesema kweli. Lakini kwa kuwa nilipuliziwa maji mbele ya macho yao na uvimbe haukurudi, wizi wangu ukawa umethibitika kwa watu wa Mkonze wote. Wakipura mtama hawakuniacha peke yangu ghalani. Wanawake walihamisha vikapu nikija kukaa. Binti yangu alipoanza kucheza na wenzake aliitwa mtoto wa aliyefunguliwa. Hakuna aliyenifanyia ukali. Walikuwa wamesamehe, na mtu aliyesamehewa hana pa kushtakia.

Mwaka uliofuata, mtama ukiwa umetoa masuke, nikasikia kwamba Mfunga Mashamba amevimba tena na safari hii hakuweza kujificha. Nilisaga unga, nikachukua kibuyu cha maziwa, nikaenda Nzuguni. Sitaki kujifanya mwema: nilikwenda kumwona kwa sababu nilimpenda, na nilikwenda pia kwa sababu alikuwa anakufa. Nilitaka, kabla hajafa, aseme mbele ya watu wake kwamba sikuiba. Sasa hakuwa na kazi ya kupoteza tena. Akishakufa, hapatakuwa na mwingine duniani wa kunisafisha.

Nilimkuta ameegemezwa ukutani, amejaa mpaka shingoni, pete za shaba zimetolewa masikioni. Binti yake alikuwa akimfuta jasho. Wazee wawili, majirani zake, walikaa karibu na mlango. Waliniambia amefungwa na mfungaji mwenziwe, haijulikani nani, na kwamba siku zote hizo anakiri. Amekiri asali ya mtu aliyoila porini akiwa kijana. Amekiri mayai ya utotoni. Amekiri ng'ombe wa mahari aliyembadilisha. Kila alichokumbuka alikitaja, na mwili haukupungua.

Nilikaa mbele yake, nikambonyeza mguu. Kidole kilizama. Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Wewe ulipona," akasema. Alikuwa anavuta hewa kati ya neno na neno. "Nilikupulizia ukapona."

"Nilipona, baba."

"Mwanangu, niambie. Ulichukua nini?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama macho yaliyobaki kuonekana kati ya zile kope, nikaona hatanii. Alikuwa anangoja. Yeye aliyeziona zile figo za mbuzi pamoja nami, aliyenisikia nikilia kwamba sikugusa suke la mtu, ananiuliza. Nami nikaelewa anachoomba. Kama sikuchukua kitu, basi maneno ya baba yake hayakufunga wala kufungua, na umri wake wote aliumaliza akining'iniza makombe ya konokono kwenye vijiti, na sasa anakufa bure, pasipo aliyemfunga na pasipo wa kumfungua. Kama nilichukua, basi alikuwa mtu aliyefanya kazi ya kweli.

Binti yake aliacha kumfuta. Wale wazee wawili waliinua nyuso. Lile neno nililolifuata kwa miguu kutoka Mkonze nilikuwa nalo mdomoni. Niliogopa, na nilimwonea huruma.

"Mtama," nikasema.

"Wa nani?"

"Wa shemeji. Upande wa korongoni."

"Mwingi?"

"Kikapu."

Alishusha pumzi, ikamchukua muda kuipandisha nyingine. Uso wake ulitulia, nikaona kile kijivuno cha zamani, cha kujitazama kwenye dimbwi, kikipita. "Mbona hukuniambia kule bandani?" akanilaumu kwa upole. "Ningekufungua mapema, mwanangu. Usingeteseka vile."

Nikamwomba radhi. Akanisamehe.

Nilipoaga, binti yake alisimama kunisindikiza. Njia yao ilipita kandokando ya shamba lao la mtama, masuke yameinama kwa uzito, na yeye akatembea kati yangu na masuke yale mpaka shamba likaisha.